Buti la Sinyora

Mimi siruki tena. Wanaoruka ni wao,
Nyevu, Chengo, na yule mtundu Furaha wa Kisumu Ndogo
anayezunguka mdomo wazi kama anayemeza upepo.
Mimi nasimama.
Na hilo hakuna aliyenionya:
anayeruka huanguka, akalia, akaamka, yakaisha;
anayesimama huumia kidogo kidogo,
saa tatu nzima kila Jumapili,
juu ya magurudumu manane yasiyokwenda popote.

Ukumbi wenyewe ni wa harusi, pale Maweni.
Tunapewa asubuhi, kabla viti havijapangwa upya.
Sakafu ni nzuri, terazo, ina ubaridi wake,
ila punje za pilau ya jana hujificha pembeni,
na gurudumu likikanyaga punje moja tu
mtoto huenda kwake, gurudumu kwake.
Basi nafagia kwanza. Nafagia pekupeku,
na huo ndio muda mtamu wa miguu yangu.

Halafu navaa.
Buti jeupe la ngozi, shingo ndefu,
aliloniachia Sinyora Ornella aliporudi kwao.
"Chukua, Kadzo, halijachoka hili."
Kweli, halijachoka. Nimechoka mimi.
Lilishonewa mguu mwembamba uliokulia ndani ya soksi;
wangu ulikulia Ganda, mchangani, miibani,
ukapanuka ulivyotaka, kila kidole na kiwanja chake.
Sasa vidole vitano vinapanga chumba kimoja
na kidole gumba kimetoa kiwiko nje,
kinundu chekundu kinachojua saa kuliko simu:
saa mbili kinawasha,
saa tatu kinachoma,
saa nne nasema "Nyoosha mgongo, Chengo!"
kwa sauti ambayo Chengo hakuikosea lolote.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.
Mume wangu alinitazama nikiloweka miguu
kwenye beseni la maji ya chumvi, akasema,
"Si uvae ndala tu?"

Nimejaza pamba. Nimepaka mafuta ya nazi.
Nimelegeza kamba hadi kifundo kikayumba
nikamwangukia mzazi aliyekuja kulipa ada.

Nikampelekea Lali, anayeshona nyuma ya soko.
Hakuligusa buti. "Njoo jioni," alisema,
"mguu wa asubuhi ni mwongo."
Jioni akanisimamisha juu ya boksi la sabuni lililokunjuliwa,
akauzungusha mguu kwa penseli, nikatekenyeka, nikacheka.
Kisha akaweka buti juu ya mchoro.
Mguu ulifurika pande zote
kama uji uliosahauliwa jikoni.
"Dada," akasema Lali, "miaka yote hii
umekuwa ukiishi nyumba ya mtu."

Akachukua kisu kifupi, kile cha soli.
Niligeuza uso kama siku ya kuchinja.
Chwaa, ngozi nyeupe ikaachia.
Kwenye tundu akashona kiraka cha ngozi ya mbuzi,
kahawia, laini kama sikio la mbuzi mwenyewe;
ulimi akaujaza sponji ya godoro;
na chini ya unyayo akatandika
kipande cha ndala.
Mume wangu asijue.

Jumapili Nyevu alikuwa wa kwanza kuona.
"Kocha, buti lako limeota chunusi!"
Ukumbi mzima ukacheka, nami nikacheka.
Saa mbili ikapita.
Saa tatu ikapita, sikuisikia.
Saa nne nimemshika Chengo mabega,
nikamwambia, polepole, nyoosha mgongo, baba,
akageuka nyuma
kuangalia nasema na nani.

Wa kushoto bado unauma kidogo, kisiginoni.
Lali anasema nirudi Alhamisi,
jioni,
na zile mia mbili zake.